Tifu, tapwi, chubwi: nilivyozipa sampo zangu majina ya kwetu

Mwaka jana mwezi wa nne alikuja mama mmoja studio, mwimbaji wa taarab wa siku nyingi, ana wimbo wake anataka tuuwekee biti ya kisasa kidogo lakini ladha isipotee. Studio yangu ni chumba kimoja Mbagala, magodoro ukutani, feni tunazima tukianza kurekodi, luku naichungulia kila baada ya muda. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti, nikamchezea biti niliyokuwa nimeianza usiku wa jana yake. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, afu akasema, "Mwanangu, biti nzuri. Ila hiyo ngoma ya chini inagonga kama mtu anabisha hodi. Mi nataka ile inayodondoka kama nazi kwenye mchanga. Tifu. Unaijua?"

Naijua. Hicho ndo kilichoniuma, kwamba naijua kabisa na ninayo, ni sampo, yaani kipande cha sauti, tena nimeirekodi kwa mkono wangu. Ni mpigo wa vumi, ile ngoma kubwa, niliuchukua Tanga kwenye harusi ya ndugu yetu, mzee mpigaji alikuwa ametoka kuipasha ngozi kwenye moto akanipigia mara nane taratibu kabla watu hawajajaa, mimi nimeshika rekoda karibu na ukingo wa ngozi. Mpigo wa tano ndo wenyewe. Unatua, unatawanyika, hauachi mlio nyuma yake. Tifu kweli.

Sasa uko wapi? Nikaandika "kick", yaani kiki, ile ngoma ya chini, kwenye sehemu ya kutafuta, ikaja orodha ndefu mpaka nikaona haya mama asione. Nikaandika "vumi", hakuna. Nikaandika "Tanga", hakuna. Nikaanza kufungua folda moja moja, Mpya, Mpya 2, Za Flashi, Drums za Hamis, Backup ya Zamani, nabonyeza nasikiliza, nabonyeza nasikiliza, dakika 25 zimeenda. Mama wa watu kwanza alikuwa anaimba kimoyomoyo, baadae akatoa simu akampigia binti yake wakaongea habari za samaki, na alivyokata simu nikamwona usoni wimbo umeshatoka. Akasema tu, "Weka yoyote mwanangu, jua linaenda." Tukarekodi na kiki nyingine, wimbo upo, watu wanaupenda, ila mimi kila nikiusikia nasikia pale chini pana kitu kimekosekana.

Wiki mbili baadae nikaipata. Ilikuwa inaitwa ZOOM0047, jina ililopewa na rekoda yenyewe.

Prodyuza wengi tunaongelea plagini, tunaongelea miksi, sijui kompresa gani, lakini hiki kidirisha cha pembeni cha kutafutia vitu, brauza, hakuna anayekiongelea na ndo mahali tunapopoteza muda mwingi kuliko pote. Mimi ni mtu wa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kama wengi wetu hapa Bongo, nilianza enzi bado watu wanaiita Fruity tu, maana ilivyotoka Ubelgiji mwaka 1997 jina lake lilikuwa FruityLoops na jina likaganda midomoni. Brauza yake kwa miaka mingi ilikuwa inakuonyesha folda zako kama zilivyo basi. Ukiwa na fujo kwenye diski, utaiona fujo hiyohiyo kushoto kwenye skrini. Wajanja walikuwa wanatengeneza kifaili kidogo cha maandishi chenye mwisho wa .nfo, unakipa jina sawasawa na la folda, ndani unaandika rangi na namba ya kupanga, na folda yako inageuka nyekundu au kijani na inapanda juu ya zingine. Ile njia bado naitumia mpaka leo. Afu FL Studio 21 ilivyotoka Desemba 2022 ndo tukapata brauza mpya yenye tagi, yaani maneno unayoibandika faili ili uipate kwa kuyatafuta, na nyota za vile unavyovipenda, nikafurahi, nikasema sasa nimepona, na kwa mwaka mzima sikuweka tagi hata moja. Mpaka alipokuja yule mama.

Nilivyoanza nilianza vibaya, na hili nalisema kwa uchungu maana najua kuna mtu anasoma hapa Jumamosi hii anataka kufanya hivyohivyo. Nilichukua hadidiski nzima nikaanza kuhamisha faili kwenye folda mpya safi na kubadilisha majina palepale. Siku mbili. Siku ya tatu msanii kapiga simu anataka wimbo wake wa mwaka juzi utolewe upya bila sauti, nafungua projekti, sampo hazionekani. Projekti haihifadhi sauti yenyewe, inakumbuka jina la faili na mahali ilipokuwa. FL ikikosa faili huwa inajaribu kuitafuta kwenye zile folda ulizoiambia izichungulie, na ukiwa umehamisha tu bila kugusa jina mara nyingi inaipata, lakini mimi nilikuwa nimehamisha na nimebadilisha jina, inatafuta mtu ambaye amehama mtaa na akabadilisha na jina. Ile kazi niliirudisha kwa masikio, nasikiliza wimbo uliokwisha toka naotea haiheti, ule mlio wa visahani, ilikuwa ipi.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, projekti zote za muhimu zitoe kwanza zikiwa zipu pamoja na sampo zake ndani. FL inafanya hivyo, na Ableton Live, programu nyingine ya muziki, ina amri yake ya kukusanya kila kitu ndani ya folda ya projekti. Inachosha, inakula nafasi, lakini fanya.

Cha pili nilichojifunza ni tofauti ya folda na tagi, na hii ilinichukua muda kuielewa kwa sababu nilikuwa naviona ni kitu kimoja. Faili inakaa kwenye folda moja tu. Lakini faili hiyohiyo inaweza kubeba tagi hata tano. Chukua mtu: nyumbani kwake ni kumoja, lakini shuleni wanamwita mwalimu, mtaani Baba Asha, kwao kijijini wanamwita jina la babu yake, na ukimuulizia kwa jina lolote kati ya hayo utaonyeshwa mlango uleule. Basi folda zangu sasa ziko chache sana na za kijinga kabisa, kiki, snea (ile ngoma kali ya juu), haiheti, ngoma za asili, kayamba na njuga, besi, kinanda, sauti za watu, sauti za mtaani. Folda inajibu swali moja tu, hiki ni kitu gani. Mengine yote, kinasikikaje, kinafaa wapi, kinakukumbusha nini, hiyo ni kazi ya tagi.

Na hapo kwenye "kinasikikaje" ndo kuna jambo lenyewe.

Sampo tunazozipata mitandaoni zinakuja na tagi zake tayari, na zimewekwa na mtu mwenye masikio ya kwao. Kiki zao wamezigawa vizuri sana, kuna za aina ishirini. Ukifika kwenye vitu vyetu unakuta vyote vimetupwa kwenye kapu moja, World, Ethnic, Tribal. Kayamba, zumari, marimba, tari, ngoma ya Senegali, ngoma ya India, vyote humo. Kwa aliyeko mbali sawa, kwake yeye ni kapu moja kweli. Lakini mimi niliyekua nasikia chapuo, ile ngoma ndogo, na vumi zikipigwa pamoja, moja inasema moja inajibu, nikikubali kuziita zote "ethnic" nimeziweka mahali ambapo mimi mwenyewe sitazitafuta. Nani akiwa katikati ya biti ya chakacha anajiambia moyoni ngoja nitafute ethnic?

Nikakaa nikajiuliza, watu wanaokuja humu chumbani wanaombaje sauti? Nikaanza kuandika kwenye daftari. Dogo wa singeli akasema, "Broo hiyo snea weka ile inayosema pa, sio hii ya kwacha." Kaka mmoja wa kwaya akasema besi iwe "inavuma, isiwe inagonga." Mwingine akasema anataka kitu kinachodondoka majini, chubwi. Hakuna hata mmoja aliyesema "punchy", hakuna aliyesema "warm". Wote walikuwa wanaongea kwa viigizi.

Viigizi vile tulivyofundishwa shule ya msingi, wenzetu wa Kenya wanaviita tanakali za sauti. Unakumbuka? Anguka majini chubwi. Anguka mchangani tifu. Anguka matopeni tapwi. Anguka sakafuni pa. Anguka kama mzigo pu. Kanyaga majani makavu kacha. Tuliviimba darasani ili tufaulu mtihani na tukaviacha hukohuko, kumbe ni mpangilio wa sauti uliokamilika. Lugha imeshakugawia vishindo vyote kulingana na kinachoanguka na kinapoangukia. Tifu ni kishindo chenye mwanzo laini na kisicho na mkia. Pa kina mwanzo mkali na mfupi. Pu kina uzito wa chini na mwili. Tapwi kina unyevu, kuna kitu kinanata katikati. Chubwi kinaanza chini kinapanda, ile hali ya sauti kujikunja kwenda juu ambayo kwenye sintesaiza unaitengeneza kwa kupandisha pichi haraka. Huhitaji kumweleza mtu yeyote aliyekulia Kiswahili, ukisema tu kashasikia.

Basi tagi zangu za ngoma zote nikazigeuza. Kiki nzito yenye mwili, pu. Kiki kavu ya singeli, pa au ti, maana singeli ikishapita BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, kiki yenye mkia itakanyagana na inayofuata mpaka biti iwe uji. Snea yenye changarawe, kacha. Makofi yaliyorekodiwa watu wengi pamoja, kwacha. Na vumi wa Tanga, mpigo wa tano, tifu.

Siku hizi nikiandika tifu kwenye kutafuta, zinakuja 14. Kumi na nne naweza kuzisikiliza zote msanii akiwa bado anatabasamu.

Kuna tatizo moja ambalo anayeweka tagi kwa Kiingereza halijui kwa sababu lugha hiyo haina hilo jambo kwenye sifa, nalo ni upatanisho. Mlio mzito, sauti nzito, kishindo kizito, midundo mizito. Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika tagi kama mdomo unavyotoka, leo nimeandika nzito, kesho mzito, keshokutwa kizito, na kwa kompyuta hayo ni maneno matatu hayana undugu. Natafuta nzito napata nusu ya vitu. Nikaamua kila sifa itakuwa inasifu "sauti", basi. Nzito, nyembamba, kavu, mbichi, kali, laini, nene, ya mbali, ya karibu. Hata kama ni kinanda, hata kama ni mluzi, nauliza sauti yake ikoje. Viigizi havina shida hiyo, ndo uzuri wake mwingine, tifu ni tifu popote, ila uamue mapema kama ni pu au puu na ushikilie hapohapo. Mimi nimechagua fupi.

Idadi nayo. Nilifika tagi 80 na kitu, nikawa kila nikitaka kuweka tagi nasoma orodha ya tagi. Nikapunguza mpaka 26, na kila tagi lazima iwe neno ambalo nimeshalisikia likitoka mdomoni mwa mtu ndani ya studio. Kigezo hicho kimoja kimenisaidia kuliko mafunzo yote niliyoangalia. Nyota naziweka kwa vitu visivyozidi thelathini, vile ambavyo nikianza biti yoyote navigusa, nikiongeza kimoja natoa kimoja.

Afu jina la faili. Hapa nina msimamo mkali, kwamba tagi peke yake haitoshi, kiigizi lazima kiingie na kwenye jina. Programu nyingi tagi zake zinazitunza pembeni, si ndani ya WAV, faili ya sauti yenyewe. Rafiki yangu wa Mombasa anatumia Ableton Live 12, iliyotoka Machi 2024, nayo ina tagi nzuri sana, unachuja kwa aina na kwa tabia ya sauti, unatengeneza na zako, na zile rangi saba za makusanyo zilizokuja na Live 10 bado zipo, unabonyeza namba ya kibodi tu faili inaingia kwenye rangi. Lakini tagi zake za folda zako zinakaa kwenye kifolda kinaitwa Ableton Folder Info, na alivyoninakilia sampo kwenye flashi alichagua WAV tupu, tagi zote zikabaki Mombasa. Jina tu ndo lilisafiri. Kwa hiyo sasa hata kama mashine imekufa, hata kama nimehamia programu nyingine, vumi wangu anaitwa vumi_tifu_laini_tanga_05.wav. Kitu kwanza, kiigizi pili, sifa, mahali, namba yenye sifuri mbele ili 10 isije ikakaa kabla ya 2. Ikiwa lupu, kipande cha kujirudia, naongeza BPM, ikiwa ina noti naongeza noti, kwa mfano kayamba_lupu_kacha_kavu_104. Herufi ndogo zote.

Huwa nawaza prodyuza wa zamani waliokuwa na Akai S1000, ile sampla, mashine ya kupigia sampo, ya mwaka 1988, jina la sampo lilikuwa linabeba herufi 12 tu. Kumi na mbili! Ukikaa na herufi 12 huandiki "final final mpya 2", unalazimika kusema kitu chenyewe. VUMI TIFU 05 ni herufi 12 ukihesabu na nafasi. Nilivyohesabu nilifurahi peke yangu usiku.

Huyo rafiki wa Mombasa alinionyesha na kile kipengele cha Live 12 cha kutafuta sauti zinazofanana, unachagua sampo moja inakuletea ndugu zake, na ni kitu kizuri, nimekiona kikimwokoa mbele yangu. Ila lazima uwe na sampo ya kuanzia mkononi. Yule mama hakuja na sampo, alikuja na nazi na mchanga. Ya kwanza lazima uifikie kwa neno, na neno lenyewe ni lile analolitumia yeye.

Kazi yenyewe ya kuweka tagi naifanya Jumapili jioni, saa moja na nusu basi, zaidi ya hapo masikio yanadanganya, kila kiki inakuwa pu. Sauti naweka ya chini kama ya kuongea. Naigusa sampo mara moja, nasubiri, kama neno linakuja lenyewe naliandika. Kama halijaja ndani ya pumzi mbili, inaenda folda inaitwa "bado". Silazimishi, maana tagi niliyoilazimisha sitaikumbuka siku ya kuitafuta. Wiki kadhaa nyuma nilikuwa na rekodi moja ya kayamba nzima, dakika nne, mtu anatikisa anaongea anacheka, nikaikata vipande. Nilipofika pale anapoigeuza tu kayamba bila kuitikisa, mbegu zinateleza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, sekunde mbili hivi, nikajikuta nimesema kwa sauti "chwaaa" kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo. Ikawa kayamba_chwa_laini_01. Sasa hivi naiweka kabla ya kiitikio karibu kila wimbo, ile kitu ambayo wengine wanaweka kelele ya sintesaiza inayopanda, mimi naweka mbegu zinateleza.

Mama alirudi mwezi uliopita na wimbo mpya. Nilikuwa namsubiri na tifu yangu. Nikamchezea kabla hata hajakaa vizuri, akanyanyua kidole, akasema, "Ehee. Si ndo hiyo." Tukaenda, tukafika katikati, akasimamisha. Akasema pale anapotaja mwanamume kaondoka anataka kisikike kitu kama mlango wa bati unavyofungwa na upepo, usifungwe na mtu, ufungwe na upepo. Nikatafuta, sina. Nikachukua rekoda nikatoka nje, jirani ana geti la bati, nikamwomba, akalisukuma mara sita tukirekodi, mara ya kwanza lilikuwa na hasira sana, ya nne lilijifunga kama lenyewe. Nikarudi ndani nikamsikilizisha.

"Hilo," akasema. "Gwa!"

Mimi nilikuwa nimeshaandika bwa. Nikamwambia mama, mbona kama ni bwa, sikiliza pale mwanzo, midomo inakutana. Nikaicheza tena, akafumba macho, akasema hapana mwanangu, hilo linatokea kooni, gwa. Tukacheza mara kumi pengine. Binti yake aliyemsindikiza akasema yeye anasikia kwa. Mpaka leo faili ina tagi zote tatu, na kwenye jina nimeandika gwa.